Tom Wills: kijana wa miaka 22 aliyetaka mpira uwe na sheria

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono: "Mwalimu, sheria za mpira alizitunga nani?" Nikajibu fasta, "Waingereza, mwaka 1863," nikaendelea na somo. Jibu lenyewe si baya. Ila jioni nilipokwenda kulihakiki, nikakuta jambo ambalo sijawahi kufundishwa. Miaka minne kabla chama cha soka cha Uingereza hakijaundwa London, klabu moja ya Melbourne, Australia, ilikuwa imeshaandika sheria zake. Si za soka letu hili. Ni za mchezo wao, ambao leo unachezwa na watu 18 kila upande, uwanja umbo la yai, mpira nao umbo la yai, na mikono ruksa. Aliyeanzisha kelele hizo alikuwa na miaka 22, umri wangu kabisa, nikashindwa kumwacha.

Anaitwa Thomas Wentworth Wills, alizaliwa 1835 katika koloni la New South Wales. Babu yake aliletwa kule akiwa mfungwa, lakini baba yake, Horatio, akaja kuwa tajiri wa kondoo. Familia ilihamia magharibi mwa Victoria, kwenye ardhi ya watu wa Djab Wurrung. Tom akakua akicheza na watoto wao na kuongea lugha yao. Alipofika miaka 14 akapelekwa Uingereza, shule ya Rugby, ambako darasani hakutikisa lakini kwenye kriketi akawa nahodha. Mwaka 1856 aliichezea Cambridge dhidi ya Oxford bila kuwa amesoma hapo. (Wale wa timu yetu wanaojulikana zaidi uwanjani kuliko kwenye orodha ya mahudhurio, mna mwenzenu.)

Akarudi nyumbani, na Julai 1858 akaandika barua kwenye gazeti la michezo la Melbourne. Hoja yake ilikuwa rahisi: kriketi ikisimama wakati wa baridi, wachezaji wanakaa na kunenepa, basi iundwe klabu ya mpira na kamati ya kuandika sheria. Mwezi uliofuata akawa mmoja wa waamuzi kwenye mechi ya shule mbili, Scotch College na Melbourne Grammar. Wachezaji walikuwa 40 kila upande! Mechi ilianza tarehe 7 Agosti, ikaendelea Jumamosi nyingine mbili, na mwisho wa yote ikawa sare ya moja kwa moja.

Tarehe 17 Mei 1859 kamati ikakaa hotelini. Alikuwepo Wills, waandishi wa habari wawili, Hammersley na Thompson, na Thomas Smith, ambaye alikuwa mwalimu (wana-Elimu, tupige makofi). Wills alikuja na sheria za shule yake ya Rugby kichwani, na kwa simulizi ya Hammersley, hakuna aliyezielewa isipokuwa yeye mwenyewe. Kule Rugby ilikuwa halali kumpiga mwenzako teke la ugoko. Sasa hawa walikuwa watu wazima wenye kazi zao, na Jumatatu lazima uende ofisini ukitembea. Wakatoka na sheria kumi tu. Ngwala na kusukumana vikabaki, mateke ya ugoko yakafutwa. Ukidaka mpira uliopigwa kwa mguu kabla haujagusa chini, unaachiwa upige bila kusumbuliwa. Hiyo ya kudaka ndiyo mpaka leo inawainua mashabiki vitini. Kwa hiyo Wills hakupata mchezo alioutaka, alipata ule ambao wenzake waliweza kukubaliana. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito, kuliko hilo jina la "mwasisi" analopewa.

Hadithi ingeishia hapo ningemfundisha kesho yake bila wasiwasi. Lakini mwaka 1861 alikwenda na baba yake Queensland kufungua shamba la kondoo, Cullin-la-ringo, kwenye ardhi ya Wagayiri. Tarehe 17 Oktoba Wagayiri walivamia kambi wakaua walowezi 19, Horatio akiwemo. Tom aliokoka kwa sababu alikuwa ametumwa kuchukua vifaa. Kabla ya hapo mlowezi jirani alikuwa amewashambulia Wagayiri akidai wameiba kondoo, na Tom mwenyewe alimlaumu jirani huyo. Kisasi cha walowezi na polisi kikaua wenyeji wengi kupita wale 19.

Halafu, miaka mitano tu baadaye, mtu huyuhuyu anakubali kufundisha timu ya kriketi ya wenyeji asilia wa magharibi mwa Victoria, na siku moja baada ya Krismasi ya 1866 anaingia nao uwanja wa Melbourne kama nahodha wao. Mwaka 1868 wengi wa wachezaji wale walifika Uingereza, timu ya kwanza ya michezo kutoka Australia kuzuru huko. Yeye hakuwemo. Kazi yake ilishaanza kuporomoka, pombe ikazidi, na mwaka 1880, akiwa na miaka 44, alijitoa uhai.

Kuna wanaosema mchezo wake ulitokana na marngrook, mpira wa ngozi wa wenyeji, ambao huenda aliuona utotoni. Inawezekana, ila hakuna maandishi yake yanayoutaja. Na mwaka 2021 likaibuliwa gazeti la Chicago la 1895, mwandishi asiyetaja jina lake akidai Wills alimsimulia kuwa alishiriki kile kisasi. Wanahistoria bado wanabishana.

Andalio la somo nimeshaliandika mara tatu. La kwanza lilikuwa na barua na sheria kumi tu, safi, linatosha dakika 40. La tatu lina Cullin-la-ringo, na linahitaji vipindi viwili ambavyo sina. Mwanafunzi wangu aliuliza swali la mstari mmoja. Nikirudi pale shuleni nitaanza kwa kumwambia kuwa jibu langu la siku ile lilikuwa fupi mno.