Diski Iliyosingiziwa

Mafiga ni kata ya mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, si mbali na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Jina lake ni lile lile la mawe matatu ya jikoni yachukuayo chungu. Mpishi aonapo chungu kimeinama hakivunji. Hutazama kwanza ni figa lipi lililozama. Watu wengi hawafanyi hivyo kwa kompyuta. Ikiandika kiooni ya kuwa diski ina kosa, mara huitupa diski na kununua nyingine, na baada ya siku chache kosa lile lile hurudi.

Diski ni ghala ya kompyuta. Barua, hesabu na picha zote hukaa humo hata umeme ukizimwa. Diski ya kwanza ilitolewa na kampuni ya IBM huko Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na zote pamoja zilichukua herufi milioni 5 tu. Diski ya siku hizi huenea kiganjani, nayo huweza kuchukua herufi milioni mara milioni na zaidi. Sahani zake huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kisomacho huelea juu yake pasipo kuigusa, katika nafasi ndogo mno hata chembe ya moshi haipiti. Ziko pia diski zisizo na sahani wala kitu kizungukacho.

Lakini herufi hairuki ikafika diskini. Huwekwa kwanza katika ramu, yaani kumbukumbu ya muda. Toka hapo hupita katika ubao mkuu, ikaingia katika waya mwembamba uitwao SATA, wenye nyuzi 7 ndani yake, ndipo ifike. Tena diski hulishwa umeme kwa waya mwingine utokao katika pawa saplai. Herufi ikiharibika mahali po pote njiani, kilio husikika diskini, kwa maana huko ndiko uharibifu unakoonekana.

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ilikataza mashine hizo kuingizwa nchini. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye, na leo mtu aweza kununua sehemu moja moja Kariakoo, akaziunganisha mwenyewe nyumbani.

Na achukuliwe kwa mfano kijana wa Mafiga aliyefanya hivyo. Kazi yake ni kupiga chapa maandishi ya wanafunzi wa chuo, na mashine yake mpya yatunza kazi za watu kumi, nao wanakaribia siku ya kuzikabidhi kwa walimu wao. Siku ya tatu kioo chaandika ya kuwa diski ina kosa. Aiendesha programu ya kutengeneza diski. Yasema imekwisha tengeneza. Kesho yake kosa larudi. Akopa fedha, anunua diski ya pili, na hiyo nayo yafanya vivyo hivyo.

Hapo jambo moja limekwisha dhihirika. Diski mbili kuharibika kwa namna moja katika juma moja ni jambo adimu sana, basi huenda zote mbili zasingiziwa. Kabla ya neno lo lote lingine, hapana budi kazi za watu zinakiliwe katika diski ya nje, na nakala hizo zifunguliwe katika kompyuta nyingine zionekane kama ni nzima.

Kisha husomwa daftari ambalo kila diski hujiandikia habari za afya yake, liitwalo SMART. Mistari mitatu yatosha. Mstari wa 5 huhesabu vyumba vilivyokufa vikabadilishwa, na wa 197 vyumba vinavyoshukiwa. Hesabu hizi zikizidi kupanda, diski yenyewe yaugua. Lakini diski za kijana huyu zaonyesha sifuri katika yote miwili. Iliyopanda ni hesabu ya mstari wa 199, nayo huonyesha mafurushi ya herufi yaliyoharibika katika waya wa SATA. Hesabu hiyo hairudi sifuri hata waya ukibadilishwa. Kinachotazamwa ni kama yaendelea kupanda. Kijana aweka waya mpya, aubana vizuri, na hesabu yasimama.

Wengi wangeishia hapo. Lakini faili kubwa iliyonakiliwa mara mbili yatoa nakala mbili zisizolingana, wala daftari la diski halilalamiki. Diski yaandika kwa uaminifu kile ilichopewa. Kilichoharibika kiliharibika kabla ya kuifikia. Basi programu iitwayo Memtest86 yaachwa ifanye kazi usiku kucha, ikiandika alama katika kila chumba cha ramu na kuisoma tena. Asubuhi kioo chajaa alama nyekundu. Vipande viwili vya ramu vyapimwa kimoja kimoja katika tundu lile lile, na kimoja chaonekana kibovu. Hapo yafahamika pia kwa nini programu ya kutengeneza diski ilizidisha madhara: ilikuwa ikisahihisha kwa kutumia kumbukumbu isiyokumbuka sawasawa. Ndiyo sababu mafundi wazuri hupima ramu kwanza, tena hubadilisha kitu kimoja tu kwa mara moja. Abadilishaye vitatu pamoja hatajua kipi kilichomponya.

Kama ramu ingekuwa nzima, angetazama pawa saplai, maana iliyo dhaifu hutoa umeme usiotosha hasa diski ianzapo kuzunguka. Na umeme wa mji ukikatika ghafula wakati wa kuandika, faili huweza kubaki nusu. Dawa yake ni betri ya UPS.

Kipande kibovu chatolewa, nacho cha pili chaachwa peke yake. Mashine yaenda polepole kidogo, lakini nakala zote sasa zalingana. Faili nyingi zarudishwa kutoka diski ya nje. Mbili zilikuwa zimekwisha haribika kabla ya kunakiliwa, na hizo zapigwa chapa upya kutoka katika maandishi ya mkono ya wenyewe.