Baiskeli Ifuate Mwili, Si Mwili Ufuate Baiskeli

Mtu akienda kwa fundi wa nguo kushonesha suruali, haondoki kabla hajapimwa kiuno na miguu. Akinunua viatu, huvijaribu kwanza, tena hutembea navyo hatua mbili tatu mbele ya muuzaji. Lakini akinunua baiskeli, ile ambayo wengi wa Katanga huiita kinga, huilipa, huipanda, huenda zake. Kiti hukaa kama alivyokiacha muuzaji, na usukani hubaki ulivyofungwa. Baada ya miezi michache twamsikia akilalamika: magoti yanauma, kiuno kimekaza, vidole vimekufa ganzi. Mmoja husema ni uzee, mwingine husema ni baridi ya asubuhi, na wako hata wanaomshuku jirani. Kumbe mara nyingi sababu ni nati mbili tatu zisizoguswa tangu siku ya kununua.

Wasomaji wapenzi, jambo hili si dogo. Kwetu baiskeli si kitu cha mchezo tu. Ndiyo inayoleta magunia ya makala mjini Lubumbashi kutoka vijijini. Ndiyo iliyolisha jamaa nyingi za Kisangani, ambako wenye kubeba abiria kwa baiskeli walijulikana kwa jina la toleka, neno la Kilingala lenye maana ya «tupite». Ndiyo inayomfikisha mwanafunzi shuleni kabla ya kengele. Baba akiharibika goti, nyumba nzima huona shida. Basi tutazame pamoja namna ya kuiweka baiskeli ilingane na mwili wa mwenyewe. Kazi hii yahitaji spana, kamba, na nusu saa ya uvumilivu.

Zamani gurudumu lilichaguliwa kwa mguu

Katika miaka ya 1870 baiskeli za Uingereza zilikuwa na gurudumu kubwa mno mbele na dogo nyuma. Hazikuwa na mnyororo. Pedali zilifungwa katikati ya gurudumu lile kubwa. Kwa hiyo mnunuzi hakuweza kuchukua yoyote tu. Ilimpasa kuangalia urefu wa miguu yake: mwenye miguu mirefu alichagua gurudumu kubwa, mwenye miguu mifupi alichagua lililo dogo zaidi.

Mwaka 1885 John Kemp Starley, wa mji wa Coventry, alitoa baiskeli iliyoitwa Rover. Magurudumu yake yalikaribia kulingana, na mnyororo ulizungusha lile la nyuma. Tangu hapo watu warefu na wafupi waliweza kutumia magurudumu ya namna moja, kwa maana kiti chaweza kupandishwa na kushushwa. Tazama basi: kupima hakukuondolewa. Kumehamishwa tu kutoka dukani kwenda mikononi mwa mwenye baiskeli, na wengi wetu hatukupokea kazi hiyo.

Goti hufanya kazi kiasi gani?

Tuhesabu kidogo, hasa ninyi wanafunzi. Mwendeshaji akizungusha pedali mara 60 kwa dakika, kila goti lake hukunjwa na kukunjuliwa mara 60. Kwa saa moja ni mara 3,600. Mwenye safari ya saa mbili kila siku hupita mara 7,000. Kosa dogo likirudiwa mara 7,000 kila siku si dogo tena.

Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjwa kupita kiasi, na pia ya goti hugandamizwa kwa nguvu kwenye mfupa wa paja. Maumivu huja mbele ya goti. Kiti kikiwa juu mno, mguu hujinyosha kuitafuta pedali, nyonga hucheza kushoto na kulia, na maumivu huja nyuma ya goti au kiunoni. Kumbuka kanuni hii nyepesi: goti likiuma mbele, shuku kiti kilicho chini, likiuma nyuma, shuku kiti kilicho juu.

Kupima urefu wa kiti

Njia ya kwanza haihitaji hata kalamu. Egemea ukuta, ukae juu ya kiti, uweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyoke sawasawa, bila nyonga kuinama upande mmoja. Kisha rudisha mguu mahali pake pa kuendeshea, yaani sehemu pana ya unyayo, nyuma kidogo ya vidole, ikae juu ya pedali. Utaona goti limekunjika kidogo tu. Ndivyo inavyofaa. Wataalamu wa siku hizi hutaka pembe ya digrii 25 hadi 35 katika goti pale pedali inapokuwa chini.

Njia ya pili ni ya hesabu. Mwaka 1967 Hamley na Thomas, wataalamu wa Uingereza, walionyesha kwamba mwendeshaji hutoa nguvu vizuri kiti kikiwa mbali na pedali kwa sehemu 109 katika 100 za urefu wa mguu wake wa ndani. Simama bila viatu, mgongo ukutani, kitabu kikiwa katikati ya mapaja hadi msambani, na mwenzako apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi chini. Ukipata sentimeta 80, zidisha kwa 1.09: ni sentimeta 87. Huo ndio umbali kutoka katikati ya pedali, ikiwa mbali kabisa na kiti, hadi juu ya kiti. Lakini wataalamu wale walitafuta nguvu, si raha. Kwa hiyo hesabu hii ikupe mahali pa kuanzia; ukiona nyonga zinacheza, shusha kidogo.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, bomba la kiti lisitolewe kupita alama yake. Kama alama imefutika, libaki ndani ya fremu sentimeta 7 au zaidi, lisije likavunjika njiani. Pili, aliyezoea kiti cha chini kwa miaka mingi asikipandishe chote siku moja. Nusu sentimeta leo, siku kadhaa za kuzoea, kisha nusu nyingine.

Kwa nini watu hushusha kiti?

Tukiwauliza wengi, hujibu: «Nataka miguu yote miwili ifike chini.» Na tukiangalia vizuri, twaona sababu ya jibu hilo: breki hazishiki! Mtu asiye na breki husimamisha baiskeli kwa kisigino cha kiatu, na kwa hiyo hathubutu kukaa juu. Hapo goti hulipa deni la breki. Basi tengeneza breki kwanza, ndipo upandishe kiti. Tena jifunze kusimama kama wafanyavyo wazoefu: punguza mwendo, ondoka juu ya kiti, simama mbele yake mguu mmoja ukiwa chini. Lakini baiskeli ambayo bomba lake la juu linakugusa msambani ukisimama hivyo, miguu yote miwili chini, ni kubwa mno kwako, spana haitaiponya. Yafaa pabaki nafasi ya vidole viwili au zaidi. Akina mama wavaao kanga au sketi hupata nafuu kwa fremu ambayo bomba lake limeshushwa.

Kiti na usukani

Uso wa kiti uwe tambarare. Pua ya kiti ikiinuka, hugandamiza mishipa ya damu na ya fahamu katika msamba, na mtu hushuka akiwa na ganzi. Ikiinama sana, mwili huteleza mbele na mikono hubeba uzito wote. Weka ubao ulionyooka juu ya kiti, utaona mara moja.

Kiti huweza pia kwenda mbele na nyuma. Desturi ya mafundi ni hii: pedali zikiwa sawa kwa urefu, teremsha kamba yenye nati kutoka mbele ya goti lililotangulia, kamba ipite karibu na katikati ya pedali. Kwenye baiskeli nyeusi za kukaa wima, goti hubaki nyuma kidogo ya hapo, wala hakuna ubaya.

Usukani uwe mahali ambapo viwiko vinakunjika kidogo na mabega yamelegea. Ukiwa mbali au chini mno, shingo na mgongo huchoka, na viganja hubanwa hata kidole kidogo na jirani yake vikafa ganzi. Ili kuuinua, legeza skrubu ndefu iliyo juu ya shingo ya usukani mizunguko michache, weka kipande cha ubao juu yake, ugonge polepole kwa nyundo. Kabari ya ndani itaachia. Usiinue kupita alama. Na kama breki zako ni za fito za chuma, zirekebishe pia, kwa sababu usukani ukipanda, fito huvutwa juu na breki hushika gurudumu. Ukimaliza kukaza, bana gurudumu la mbele kwa magoti na ujaribu kupinda usukani. Ukicheza, bado hujamaliza.

Tuwaangalie watoto

Nani hajamwona mvulana akiendesha baiskeli ya baba yake, mguu mmoja umepitishwa chini ya bomba, mwili umepinda kama upinde? Watu hucheka na kumsifu ushujaa wake. Lakini mtoto huyo haoni vizuri njia, hafikii breki, na akianguka huanguka pamoja na chuma kizito kumzidi. Kumtuma sokoni juu ya baiskeli hiyo, penye magari, si kumfunza ushujaa. Mzazi asiyeweza kumpata baiskeli ya kimo chake amwache ajifunze uwanjani, naye mwenyewe awepo.

Na mtoto abebwaye nyuma? Miguu yake huning'inia kando ya gurudumu. Kufumba na kufumbua kisigino huingia katika spoki, ngozi hupasuka, pengine na mfupa huvunjika. Jeraha hili hujulikana sana, na huzuilika kwa urahisi: mfungie vikanyagio viwili vya kuwekea miguu, na uzibe spoki pande zote mbili kwa plastiki ngumu au wavu imara. Mtoto mdogo asiyeweza kujishika asipandishwe hapo kamwe.

Spana si daktari

Maumivu ya kukaa vibaya hupungua baiskeli inaporekebishwa. Lakini goti lililovimba, ganzi isiyoondoka baada ya siku kadhaa, au maumivu yanayomwamsha mtu usiku, hayo ni ya kupelekwa zahanati. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Enyi akina baba, Jumapili hii, mkiisha kula na kupumzika, itoeni baiskeli uani. Mwanafunzi ashike kamba na kufanya hesabu ya mguu, mama aangalie kama nyonga zinacheza, baba akaze nati. Mtu mwingine wa nyumbani akiitumia baiskeli hiyohiyo, pigeni alama ya kipimo chake kwa rangi juu ya bomba la kiti. Hivyo kila mmoja, kabla ya kupanda, atajua mahali pake.