Uganda: Kutoka taamuli ya walei hadi joho la utawa wa Kibuddha

Katika eneo la Garuga, karibu na Entebbe, kipo Kituo cha Kibuddha cha Uganda kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa mzaliwa wa nchi hiyo, Bhante Bhikkhu Buddharakkhita. Kujifunza taamuli si jambo gumu kulianza: mtu anahitaji mwalimu, mahali patulivu na subira. Kuvaa joho la mtawa ni habari nyingine. Anayelitaka hukutana na maswali ambayo hayajibiwi kwa juhudi zake peke yake: nani atampokea, nani atamwelekeza, na nani atampa chakula kila siku?

Kabla ya kuwa mtawa, Buddharakkhita alijulikana kwa jina la Steven Kaboggoza. Alilelewa katika imani ya Kikatoliki, na mwaka 1990 alikwenda India kwa masomo ya chuo kikuu. Huko ndiko alikokutana na vijana watawa kutoka Thailand waliokuwa wanafunzi kama yeye. Hata hivyo, hakuingia utawani hadi mwaka 2002, tena si Afrika bali California, Marekani, mbele ya mwalimu wa Kiburma, U Silananda. Miaka hiyo kumi na miwili inaonyesha urefu wa njia yenyewe.

Taamuli ilifikaje kwa walei?

Kwa karne nyingi, katika nchi zinazofuata mapokeo ya Theravada, taamuli ya kina ilikuwa zaidi kazi ya watawa. Walei walitoa sadaka, walishika amri za maadili na kusikiliza mafundisho. Mabadiliko makubwa yalitokea Burma, ambayo leo inaitwa Myanmar. Mwaka 1885 Waingereza waliuteka mji wa Mandalay na kumpeleka mfalme Thibaw uhamishoni. Dini ikapoteza mlezi wake mkuu. Mtawa Ledi Sayadaw (1846–1923) akaona kwamba nguzo mpya ya dini ni watu wa kawaida, akawafundisha maandiko na taamuli.

Kazi hiyo iliendelezwa na wengine. Mahasi Sayadaw (1904–1982) alifundisha kuangalia tumbo linavyopanda na kushuka kwa pumzi, na kulitambua kila jambo linalopita akilini bila kulishikilia. U Ba Khin, ambaye alikuwa mhasibu mkuu wa serikali, alifundisha akiwa mlei. Mwanafunzi wake, mfanyabiashara S. N. Goenka (1924–2013), aliyapeleka mafunzo hayo India mwaka 1969, na kutoka huko yakaenea duniani.

Siku kumi za ukimya

Mafunzo ya Goenka huchukua siku kumi. Kengele hulia saa kumi alfajiri, na washiriki hutafakari kwa takriban saa kumi kwa siku. Hawazungumzi wao kwa wao, hawasomi, hawaandiki, na simu huwekwa kando. Siku za kwanza huelekezwa kwenye pumzi peke yake. Kisha mtu hufundishwa kuzipitia hisia za mwili, kuanzia utosini hadi vidoleni, bila kukimbilia zinazopendeza wala kuchukia zinazouma. Hakuna ada, gharama hulipwa kwa michango ya waliokwisha kuhitimu. Mshiriki hatakiwi kubadili dini yake.

Lakini siku hizo si mapumziko. Ukimya mrefu unaweza kuamsha huzuni na hofu zilizofichika, na ndiyo maana waombaji huulizwa kuhusu afya yao ya akili. Mwenye maradhi makubwa ya akili hashauriwi kujitosa humo.

Ngazi za kuelekea utawani

Mlei wa Kibuddha hushika amri tano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutotumia vileo. Anayefikiria utawa kwa kawaida huanza kwa kuishi na watawa, na katika vituo vingi huvaa nguo nyeupe na kushika amri nane. Mojawapo humzuia kula baada ya adhuhuri hadi alfajiri. Kwa waliozoea saumu ya Ramadhani, mpangilio huu ni tofauti: alfajiri hadi adhuhuri ndio wakati wa kula, alasiri na usiku ndio wa kujizuia.

Hatua inayofuata ni uanagenzi. Mwanagenzi hunyolewa nywele, huvaa joho na kushika amri kumi, ikiwamo ya kutopokea fedha. Utawa kamili hutolewa kwa aliyetimiza miaka 20. Mbele ya jumuiya huulizwa maswali ya tangu kale: Je, ni mtu huru? Ana deni? Yuko katika utumishi wa mfalme? Wazazi wake wamemruhusu? Anazo nguo zake na bakuli lake? Maana yake ni kwamba utawa hauwi maficho ya kumkimbia mdai, mwajiri au mzazi. Akipokewa, huwa chini ya kanuni 227, na kwa angalau miaka mitano huishi chini ya uangalizi wa mwalimu.

Tofauti na nadhiri za daima za watawa wa Kikatoliki, mtawa wa Theravada anaweza kulivua joho na kurudi uraiani. Nchini Thailand na Myanmar, wanaume wengi huwa watawa kwa majuma au miezi michache tu.

Watawa watano

Kikwazo kikubwa kwa nchi zetu kimo katika kanuni yenyewe. Mtawa hawezi kumpokea mtawa mwenzake peke yake. Asili ya sheria ilitaka watawa kumi. Maandiko yanasimulia kwamba kijana Sona, wa nchi ya Avanti magharibi mwa India, alisubiri miaka mitatu hadi kumi hao wakapatikana. Baadaye alipokutana na Buddha, alimfikishia ombi la mwalimu wake, na Buddha akaruhusu watano kwa nchi za pembezoni.

Hata watano si wengi kuwapata pale ambapo dini ni ngeni. Ndiyo maana vituo vichache vya kanda hii vina uzito kuliko ukubwa wake. Dar es Salaam, katika eneo la Upanga, lipo hekalu lililoanzishwa na wahamiaji wa Kisinhala kutoka Sri Lanka, waliofika mwanzoni mwa karne ya 20.

Kwa wanawake njia ni nyembamba zaidi. Jumuiya ya watawa wa kike wa Theravada ilikatika takriban miaka elfu moja iliyopita. Ilifufuliwa kwa sherehe zilizofanyika India mwaka 1996 na 1998, lakini mamlaka za kidini za Thailand na Myanmar hazijaitambua. Huko wengi hubaki na amri nane au kumi, bila hadhi kamili.

Bakuli tupu

Swali la mwisho ni la chakula. Mtawa hapiki, halimi, wala hawezi kuweka akiba ya chakula hadi kesho. Hula alichopewa siku hiyo. Asubuhi pasipokuwa na mlei wa kutia chochote katika bakuli, mtawa hushinda na njaa. Kwa hiyo mlei anayejifunza taamuli na yule anayetaka joho hawatengani: wa kwanza ndiye anayemwezesha wa pili kuishi, naye hupokea mafundisho. Mustakabali wa utawa katika Afrika Mashariki hautaamuliwa na idadi ya wanaotamani joho tu, bali pia na wangapi watakaoona kumlisha mtawa kuwa jukumu lao.