Utumbo hupokea amri kutoka kwa jirani, si kutoka kwenye pakiti

Darasani wanafunzi huniuliza: utando wa ndani ya utumbo unakwaruzwa na chakula usiku na mchana, mbona hauchakai? Huwajibu kwamba unachakaa, ila mwili huubadilisha. Katika utumbo mwembamba, karibu utando wote huwa mpya baada ya siku 3 hadi 5 hivi.

Kazi hiyo hufanywa na seli shina, yaani seli mama zinazozaa nyingine. Zinakaa chini ya vishimo vidogo mno vilivyojaa utumboni. Mwaka 2007 kundi la Hans Clevers wa Uholanzi lilizitambua kwa alama iitwayo Lgr5.

Seli hizi hazizai ovyo. Hungoja amri, nayo ni protini iitwayo Wnt, inayotolewa na seli jirani. Mwaka 1982 Roel Nusse na Harold Varmus walitangaza kugundua jeni ya kwanza ya aina hiyo katika panya. Mwaka 1998 Clevers na wenzake waliharibu jeni Tcf4, inayotekeleza amri hiyo ndani ya seli. Watoto wa panya walizaliwa bila seli shina katika utumbo mwembamba, wakafa mapema.

Wnt haisafiri mbali. Seli mpya ikisogea juu ya kishimo, amri hufifia, na protini nyingine, BMP, huisaidia kuacha kuzaa na kuanza kazi yake.

Breki ya amri hii ni jeni APC. Ikiharibika, seli huzaana kana kwamba zinaamriwa daima. Saratani nyingi za utumbo mpana huanzia hapo.

Sisi tuliorudi kutoka ukimbizini tulizoea kujitibu kwa dawa za sokoni, maana zahanati ilikuwa mbali. Tabia hiyo tumevuka nayo mpaka. Kwa hiyo ndugu mfanyabiashara, ukiletewa unga unaodaiwa kuamsha seli shina, kumbuka kwamba protini ikimezwa humeng'enywa kama maharage. Usiweke mtaji wako humo, wala usimuuzie mgonjwa matumaini.

Na anayeona damu katika choo, au ambaye haja kubwa imebadilika kwa wiki kadhaa, aende hospitali. Saratani ya utumbo mpana ikigunduliwa mapema, mara nyingi hutibika.