Fumbo na Wajuzi Wake: Lugha za Afrika ya Mashariki katika Hadithi za Safari za Nyota

1. Utangulizi

Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Methali hii imezoeleka mno hata ikadhaniwa kwamba haina tena la kuulizwa. Hata hivyo inaacha swali moja bila jibu, nalo ni hili: huyo mjinga ni nani, na nani aliyemteua kuwa mjinga? Asiyeijua lugha fulani huwa mjinga mbele ya wenye lugha hiyo. Na mtu huyo huyo huwa mwerevu pale lugha yake mwenyewe inaposemwa. Ujinga na werevu wa methali hii, basi, si sifa za mtu. Ni mahali alipoketi msikilizaji.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kutumia mfano ambao, kwa mtazamo wa kwanza, uko mbali na darasa la Kiswahili: mfululizo wa televisheni wa Kimarekani uitwao Star Trek, pamoja na filamu zilizo jamaa yake. Hizi ni hadithi za kubuni za kisayansi, ambamo watu wa karne zijazo husafiri baina ya nyota. Watazamaji wake wa kufa na kupona wana desturi ya kuyasaka mafumbo ambayo watungaji wameyaficha ndani yake. Miongoni mwa mafumbo hayo yamo yaliyofumbwa kwa lugha za Afrika ya Mashariki. Ili kupima maana yake, mafumbo hayo yatapelekwa Kiminini, mji mdogo wa Trans Nzoia ulio kwenye barabara itokayo Kitale kuelekea Webuye, ambako lugha nyingi huketi kwenye benchi moja.

2. Fumbo ni nini

Kila fumbo lina watu watatu: mfumbaji, mjuzi anayekusudiwa alielewe, na asiyejua anayelisikia likampita. Akikosekana huyo wa tatu, hakuna fumbo. Kuna maneno ya kawaida tu. Mwanamke wa pwani anayejifunga kanga yenye maneno makali, kisha akapita polepole mbele ya mlango wa jirani yake, anawategemea watu wote watatu. Wapita njia wanaona nguo nzuri. Jirani anasoma barua aliyoandikiwa yeye. Watoto wasemao kinyume, wakaita maji "jima", nao wanamhitaji mtu mzima aliye karibu asiyefahamu, kwani yeye ndiye anayeutia mchezo wao utamu.

Mafumbo ya Star Trek yana muundo huo huo. Marc Okrand, mtaalamu wa isimu aliyeitunga lugha ya taifa la kubuni la Waklingoni na kuichapishia kamusi mwaka 1985, aliliita neno la "jozi" kwa Kiklingoni chang'eng. Msomaji asiyejua hupita. Anayejua hukumbuka Chang na Eng, mapacha mashuhuri walioungana miili, waliozaliwa Siam mwaka 1811, naye hucheka peke yake. Hali kadhalika Joe Menosky, mmoja wa waandishi wa Star Trek: The Next Generation (1987–1994), alisoma katika chuo cha Pomona huko California, ambako wanafunzi wana mzaha wa miaka mingi kuhusu namba 47. Namba hiyo ikaanza kujitokeza katika vipindi: mara ni umbali, mara ni hesabu ya watu, mara ni tarakimu kwenye kioo cha mitambo. Mashabiki wakaigundua, wakaanza kuihesabu.

Mtazamaji wa Kiminini akiiona namba hiyo, hawezi kufikiria Pomona. Tangu katiba ya Kenya ya mwaka 2010, 47 ni idadi ya kaunti za nchi yake, na Trans Nzoia ni ya 26 katika orodha. Atatabasamu, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Kutokana na mfano huu mdogo yatambulikana jambo la kwanza: mfumbaji huchagua fumbo, ila hana uwezo wa kuchagua wajuzi wote.

3. Jina la Uhura

Fumbo kubwa la Kiswahili katika Star Trek ni jina la ofisa wa mawasiliano, Uhura, aliyechezwa na Nichelle Nichols tangu mfululizo ulipoanza mwaka 1966. Kwa maelezo aliyoyatoa Nichols mwenyewe, siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotoka mwaka 1962. Gene Roddenberry, mwanzilishi wa mfululizo huo, alilipenda neno hilo, lakini likaonekana kali mno kwa mhusika wa kike. Nichols akapendekeza mwisho wake ulainishwe, na Uhuru akawa Uhura.

Yafaa kulitazama neno hilo kwa jicho la sarufi. Kiini chake ni huru, kivumishi kilichotoka katika Kiarabu. Kiambishi u- kinalifanya kuwa nomino dhahania, kama vile -zuri inavyozaa uzuri na mtu anavyozaa utu. Irabu zote tatu za uhuru ni u, nazo zinalipa neno uzito wake mdomoni. Kuibadili ya mwisho ikawa a ni kulikata neno na ukoo wake: uhura si nomino ya ngeli yoyote, wala haina maana katika kamusi. Tena sababu ya mabadiliko hayo si ya Kiswahili. Katika lugha nyingi za Ulaya irabu a mwishoni mwa jina huashiria jinsia ya kike. Katika Kiswahili Juma, Musa na Hamza ni wanaume.

Hata hivyo sikio la Mswahili halikubali neno kukaa bila maana. Jina lililo karibu zaidi na Uhura ni Zuhura, ambalo ni jina la mwanamke na papo hapo ni jina la sayari ya pili kutoka kwenye jua, ile ing'aayo alfajiri na magharibi. Baadaye mhusika huyo alipewa jina la kwanza, Nyota, ambalo lilitumika katika vitabu na hatimaye likatamkwa katika filamu ya mwaka 2009, ambamo kulificha na kulifichua jina hilo ni mzaha unaopita katika hadithi. Msikilizaji wa Lamu au wa Tanga asikiapo Nyota Uhura, masikioni mwake inapita nyota Zuhura. Hapana ushahidi kwamba mtungaji yeyote alikusudia hivyo. Hili ni fumbo lisilo na mfumbaji, ambalo lugha yenyewe imelifumba.

Lipo pia jambo zito zaidi. Riwaya ya Ruark inaieleza Kenya iliyo ukingoni mwa uhuru, na inaieleza zaidi kwa macho ya walowezi na wawindaji wa Kizungu. Trans Nzoia, iliyo na Kiminini ndani yake, ilikuwa sehemu ya nyanda za juu zilizotengewa walowezi hao. Wazee waliolima mahindi huko kama vibarua walilijua neno uhuru kwa maana ya ardhi, na kwa wengi wao maana hiyo haikuja yote mwaka 1963. Kwa hiyo neno lililopanda merikebu ya angani lilikwisha kupita kwanza katika mikono ya mtu aliyelitazama kwa shaka. Shabiki wa Marekani anayeeleza kwa furaha kwamba Uhura maana yake ni uhuru anasema kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili wanayo wenye neno.

4. Lugha iliyosemwa bila kutafsiriwa

Jina si ushahidi pekee. Katika kipindi cha kwanza kuonyeshwa, The Man Trap, cha tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe chenye kunyonya chumvi ya miili ya watu humjia kila mmoja kwa sura anayoitamani. Kwa Uhura kinakuja kama kijana mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili. Katika The Changeling, cha tarehe 29 Septemba 1967, mashine inafuta kumbukumbu za Uhura. Anapofundishwa upya kusoma Kiingereza na kukwama, Kiswahili ndicho kinachomtoka.

Matukio hayo mawili yana dhana moja: Kiswahili ni lugha ya nyumbani, iliyolala chini ya lugha ya kazi. Dhana hiyo ina heshima ndani yake. Lakini watungaji hawakumfikiria mtazamaji ambaye angeweza kuyapima maneno hayo kama maneno. Kwa wengi waliotazama, Kiswahili kilikuwa sauti tu. Ni haki kuongeza kwamba mduara wa wajuzi ulikuwa umekwisha kuanza kupanuka hata huko Marekani. Mwaka huo huo wa 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, ambayo misingi yake saba ina majina ya Kiswahili, na Wamarekani weusi wengi walikuwa wakitafuta njia ya kujifunza lugha hii.

Filamu za Star Wars zilikwenda mbali zaidi. Ben Burtt, aliyesimamia sauti zake, aliunda lugha za viumbe wa nyota kutokana na lugha halisi ambazo watazamaji wengi wa Marekani hawakuzijua. Vile viumbe vidogo vya jangwani viitwavyo Jawa vilipewa maneno yenye asili ya Kizulu, yakaharakishwa. Katika Return of the Jedi ya mwaka 1983, Nien Nunb, rubani msaidizi mwenye uso usio wa kibinadamu, anazungumza Kikuyu. Sauti hiyo ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi nchini Marekani, mwenye jina la Kikalenjini. Aliirudia kazi hiyo katika filamu ya mwaka 2015. Imesimuliwa mara nyingi jinsi watazamaji wa Kenya walivyofurahi kumsikia kiumbe wa nyota akisema lugha ya nyumbani.

Furaha hiyo isituzuie kuona lililokuwa chini yake. Lugha hizi zilichaguliwa kwa sababu ilidhaniwa kwamba msikilizaji hatazielewa. Mamilioni ya wasemaji wake hawakuhesabiwa kuwa wajinga wa fumbo wala wajuzi wake, hawakuhesabiwa kabisa. Walipocheka, walijihesabu wenyewe.

5. Fumbo likifika Kiminini

Wakaaji wa Kiminini wengi ni Wabukusu, na pamoja nao wako Wasabaoti, Wakikuyu, Wanandi, Waturkana na wengineo. Baadhi ya wazee wao waliletwa na kazi za mashamba ya walowezi, wengine wakaja baada ya uhuru kununua ardhi kwa vyama na mipango ya makazi. Na tuchukue kwamba katika nyumba moja mjini humo vijana watatu, Mbukusu, Msabaoti na Mkikuyu, wanaitazama Return of the Jedi. Nien Nunb anafungua kinywa. Mmoja anaangua kicheko. Wawili wanageuka kumtazama yeye badala ya kioo. "Anasema nini?" wanauliza. Naye anawaeleza, na lugha ya maelezo hayo ni Kiswahili.

Mfano huu si mchezo mtupu. Mapigano ya mwaka 1992 na yale ya mwanzoni mwa 2008 yaliigusa Trans Nzoia, na katika siku za namna hiyo lugha itokayo kinywani huwa ni kitambulisho ambacho mtu hutamani kukificha. Pale, mwenye kujua lugha ya jirani alijua pia nani wa kufukuzwa. Katika nyumba ya mfano wetu ujuzi huo huo unafanya kazi iliyo kinyume: anayejua anaulizwa, naye anagawa alichonacho. Fumbo lililoelezwa hupoteza ukali wake, kama wasemavyo wachekeshaji wote. Lakini linapata kitu kingine, yaani wajuzi watatu badala ya mmoja.

6. Hitimisho

Mwaka 2022, ambao ndio mwaka aliofariki Nichelle Nichols, ulianza mfululizo mpya, Star Trek: Strange New Worlds. Uhura wake, anayechezwa na Celia Rose Gooding, ni Mkenya waziwazi, ajuaye lugha 37. Sababu anayoitoa ni kwamba nchi yake ina lugha nyingi, naye alitaka kusema na watu kwa lugha zao. Tangu kijana wa The Man Trap asiyetafsiriwa hadi maneno hayo kuna safari ya miaka 56, na mabadiliko ni dhahiri: aliyekuwa hakuhesabiwa sasa anazungumziwa.

Iliyobaki ni kazi ya wenye lugha. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotazama hadithi hizi wana ujuzi ambao mashabiki wa California, kwa bidii yao yote ya kuhesabu 47, hawawezi kuupata kwa kurudia kanda. Wao ndio wanaoweza kusema ni wapi sarufi imevunjwa, ni wapi neno limekatwa na ukoo wake, na kwamba nyuma ya Uhura kuna Zuhura. Mwalimu wa Kiminini akiwapa wanafunzi wake jina hilo moja na kuwataka wamtafute mama yake, baba yake na jirani zake katika kamusi, atakuwa amewafundisha ngeli, ukopaji na historia ya ardhi waliyokalia katika kipindi kimoja cha dakika arobaini.