Land Cruiser la Zamani: Tengeneza Kwanza, Pamba Baadaye

Arusha kuna gereji zinazochukua pikapu ya Land Cruiser, zikakata chesisi, zikairefusha na kuijengea bodi yenye paa la kuinuka ili mtalii asimame amtazame simba. Gari hilo hupiga kazi mbugani msimu baada ya msimu, hadi kampuni itakapoamua kuliuza. Anayelinunua hubaki na furaha kubwa na hela kidogo, na hela hiyo huishia kwenye taa za bampa, winchi na snokeli. Naumia nikiona hivyo. Gari hili linastahili zaidi.

Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilianza kutoka kiwandani mwaka 1984. Nyingi za zile zinazotembea huku kwetu zina injini ya 1HZ, iliyoingia 1990: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina turbo wala kompyuta. Ndiyo maana fundi wa Loliondo anaweza kuifungua chini ya mti asubuhi na jioni ikawaka. Ukitaka kukadiria umri wa gari bila kusoma kadi, chuchumaa mbele. Lenye springi za vyuma bapa na nati sita kwenye gurudumu ni la kabla ya mabadiliko ya 1999. Lenye koili na nati tano ni la baada ya hapo.

Anza na mkanda wa taiming. Ndio unaozungusha kemshafti pamoja na pampu ya dizeli, na kilomita 100,000 zikitimia unabadilishwa. Usiulize dashibodi, maana kilomita za gari lililopita mikono mingi hurudishwa nyuma kirahisi. Funga mkanda mpya na beringi yake ya kukazia, uanze kuhesabu wewe. Ukikatikia njiani, valvu na pistoni zinagongana, na hapo ni kushusha injini.

Halafu tazama nyuma ya gurudumu la mbele. Mwisho wa ekseli kuna tufe la chuma ambalo gurudumu hugeukia hapo, na ndani yake kuna kiungo cha shafti kinachoishi kwenye grisi. Tufe likiwa na utando mwembamba tu wa grisi, hakuna tatizo. Likiwa limelowa na vumbi limegandamana kuwa tope jeusi, sili ya ndani imekwisha: oili ya difu imevuka na kuiyeyusha grisi. Fungua kizibo cha juu, chovya bisibisi, utaona inachuruzika kama mchuzi. Difu nalo linabaki na oili pungufu, beringi za juu na chini ya tufe zinaliwa, usukani unatetemeka, na mwenye gari anaambiwa akabalansi matairi! Fungua pande zote mbili, osha kila kitu, weka sili na beringi mpya, pakia grisi mpya. Ni kazi ya kutwa nzima na inachafua, lakini sijui pesa nyingine inayorudi haraka hivyo kwenye gari hili.

Starta nayo huonewa. Ukiwasha ikagonga mara moja na kunyamaza, pima betri na usafishe vichwa vyake. Betri ikiwa nzima, mara nyingi kilicholika ni vipande viwili vya shaba ndani ya swichi ya starta, spea ndogo ambayo fundi umeme huibadilisha mara moja. Watu wananunua starta nzima ya mtumba kwa ajili ya shaba hizo.

Sasa maboresho. Turbo ndiyo inayotamaniwa kuliko yote, nami naipinga. 1HZ huchomea dizeli kwenye vyumba vidogo ndani ya silinda hedi na haikuundwa kwa presha hiyo. Ongeza turbo na dizeli bila kipimo cha joto la ekzosti, kisha pandisha Ngorongoro na mzigo, uone hedi na pistoni zitakavyoumia. Toyota wenyewe walipotaka turbo kwenye lita 4.2 walitengeneza injini nyingine, 1HD-T.

Pesa hiyo peleka chini ya gari. Lala na tochi ukague palipoungwa chesisi. Ufa mdogo kwenye welding si wa kusubiri. Chagua springi na shokapu kwa uzito wa gari lilivyo leo, maana barabara ya kwenda geti la Naabi haisamehi. Kama bado unatumia tairi za 7.50R16 zenye tyubu, 235/85R16 zisizo na tyubu zina kimo karibu kilekile, ila zinahitaji rimu zake.

Snokeli ukipenda, ifunge. Lakini kwanza inua juu mipira ya kupumulia ya difu. Difu la moto likiingia ghafla kwenye maji baridi huvuta hewa, na kama mpira uko chini litavuta maji. Ukishavuka mto wenye kina, legeza boliti ya chini ya difu ukirudi nyumbani. Oili ikitoka nyeupe, imwage yote siku hiyohiyo.