Hodi kwa Jina la Jirani

Mwishoni mwa Oktoba 2024, waendeshaji wa vituo vya mtandao wa Tor, ule unaoficha anwani za watumiaji wake, walianza kuandamwa na barua za kampuni zinazowakodishia seva. Tuhuma ilikuwa moja: anwani yako ya IP inapapasa mlango namba 22 wa kompyuta za watu. Huo ni mlango wa SSH, wanaoutumia mafundi kuingia kwenye seva wakiwa mbali. Vituo kadhaa vilizimwa kwa muda.

Lakini vingi kati ya vituo hivyo havikuwa na njia ya kutenda kosa hilo. Kwa kawaida mawasiliano ya Tor hupitia vituo 3, na ni cha mwisho tu kinachotoka kwenda intaneti ya nje. Vilivyolalamikiwa vingi vilikuwa vya ndani, zikiwemo hata seva zinazotunza orodha ya vituo vyote.

Kumbe mtu aliyekuwa kwingine kabisa alikuwa akirusha pakiti za SYN zenye anwani ya kughushi. SYN ni hodi tu. Ukipiga hodi gizani ukataja jina la jirani, mwenye nyumba atamjibu jirani, ambaye hana habari. Mitambo ya ulinzi iliirekodi hodi hiyo na yenyewe kutuma malalamiko, bila binadamu kuyasoma. Tarehe 7 Novemba chanzo kilipatikana na kuzimwa, kwa msaada wa wataalamu wa usalama wa mtandao wa InterSecLab na GreyNoise.

Kwa hiyo, ukiendesha kituo, swali la kwanza la kumuuliza mlalamikaji ni hili: je, muunganisho wa TCP, ule unaoanza kwa SYN, ulikamilika? Kama kilichorekodiwa ni SYN peke yake, hakijathibitisha lolote. Kama ni UDP, njia nyingine ya kutuma data, haikupitia Tor, kwa kuwa Tor hubeba TCP pekee. Hata hivyo ikague seva yako, huenda ina mgeni.

Ukiwa na kituo cha mwisho na muunganisho ulikamilika, usibishe. Jibu siku hiyohiyo, kwa ufupi: hiki ni kituo cha Tor, sina kumbukumbu za watumiaji, huduma ya ExoneraTor itakuthibitishia. Kisha izuie anwani ya mlalamikaji katika kanuni za kutokea za kituo chako, au ufunge mlango 22 kabisa. Wapo wanaouona huo ni usaliti. Mimi naona afadhali kituo chenye mlango mmoja pungufu kuliko seva iliyofungiwa.

Dawa ya kughushi kwenyewe iliandikwa tangu mwaka 2000, katika mwongozo uitwao BCP 38: kila mtandao ukatae kutoa pakiti zenye anwani isiyo yake. Iko mitandao ambayo hadi leo haijautekeleza.